Bahari na Barafu Vinavyohusiana na Mvua ya Itigi

Kila mwaka inapofika Oktoba, vumbi likiwa bado limetanda juu ya reli ya Itigi na vichaka vikiwa vimepukutisha majani, kamati za vyama vya msingi hukutana kuamua jambo ambalo halijapata kuwa rahisi: ni kilo ngapi za mbegu ziagizwe, na mkopo wa pembejeo uwe wa kiasi gani. Mvua bado. Mwenye mazao amekwisha kuuza, na asiyekuwa nayo anangoja. Katika siku hizo hizo Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutangaza utabiri wa msimu wa Novemba hadi Aprili, nao husomwa redioni, hupelekwa kwa katibu, na pengine huingizwa katika kumbukumbu za mkutano. Ndipo mzee mmoja katika kamati huuliza, tena kwa haki: wataalamu hao wamejuaje mvua ya Itigi kabla wingu halijaonekana?

Jibu fupi ni kwamba wametazama bahari. Itigi iko zaidi ya kilomita 600 kutoka Dar es Salaam kwa njia ya reli, na wapo wanachama wengi ambao hawajapata kuiona bahari hata siku moja. Lakini sehemu kubwa ya mvuke unaogeuka kuwa mvua katika nyanda za kati ulipanda kwanza kutoka Bahari ya Hindi, na sehemu nyingine huletwa na pepo za magharibi zipitazo juu ya misitu ya Kongo. Tena bahari ina tabia moja inayomfaa mtabiri: ni nzito wa kubadilika. Hewa hugeuka kwa saa, bali bahari hugeuka kwa miezi. Ni kama chungu kilichoepuliwa motoni, ambacho hubaki na moto wake muda mrefu baada ya kuni kuzimika. Ajuaye joto la bahari la mwezi Septemba ana haki ya kusema neno juu ya mvua ya Novemba, ingawa hana haki ya kuapa.

Wenyeji wa pwani walilijua jambo hili kwa namna yao tangu zamani, kwa kuwa vyombo vyao vilikwenda na kurudi kwa pepo za kaskazi na kusi. Ambalo hawakuweza kulijua ni lile linalotokea katika upana wa bahari yote. Katika mwaka wa kawaida, maji yenye joto zaidi katika Bahari ya Hindi hukaa upande wa mashariki, karibu na kisiwa cha Sumatra. Lakini kuna miaka ambapo pepo za ikweta hugeuka zikasukuma maji hayo ya moto kuelekea kwetu. Maji ya baridi huibuka kutoka chini upande wa Sumatra na Java, na mvua nazo huhama: Indonesia na Australia hukauka, na Afrika Mashariki hulowa. Katika miaka mingine mambo huwa kinyume, na ukame huangukia upande huu. Mbadiliko huo wataalamu huuita Dipoli ya Bahari ya Hindi. Jina hilo si la siku nyingi. Ulielezwa kwa ukamilifu mwaka 1999 tu, na kundi la wataalamu walioongozwa na Saji wa India na Yamagata wa Japani.

Hata hivyo athari zake zilikuwapo kabla ya jina. Wazee watakumbuka mvua za mwisho wa 1961, mwaka ambao Tanganyika ilipata uhuru wake. Mafuriko yalienea Afrika Mashariki, na Ziwa Victoria likapanda kwa zaidi ya mita mbili kati ya 1961 na 1964. Mwaka ule haukuwa wa Elnino, yaani lile joto la Bahari ya Pasifiki ambalo jina lake sasa hujulikana hata sokoni. Kwa miaka mingi mafuriko yale yalikuwa fumbo. Kwa bahati, wakati ule ule palikuwa na Msafara wa Kimataifa wa Bahari ya Hindi, ulioanza 1959 na kumalizika 1965, ambapo meli zaidi ya 40 za mataifa mbalimbali zilipita humu zikipima joto, chumvi na mikondo. Hesabu za miaka hiyo zilifaa baadaye, wenye kuzichukua wengi wao wakiwa wamekwisha kustaafu. Mtu aliyeteremsha kipimajoto katika maji ya Bahari ya Hindi mwaka 1962 hakuwa na habari kwamba anamsaidia mkulima wa alizeti wa karne nyingine.

Siku hizi kazi hiyo haitegemei meli peke yake. Baharini yapo maboya yaliyotiwa nanga, na yapo mengine karibu 4,000 yanayoelea huru katika bahari zote za dunia. Boya la aina hii huzama hadi kina cha mita 2,000, hupanda juu likipima joto na chumvi njiani, kisha hupeleka hesabu yake kwa setilaiti. Hufanya hivyo kila baada ya siku 10. Kwa msaada wa vipimo hivyo ilijulikana mapema kwamba mwaka 2019 maji ya upande wetu yalikuwa na joto lisilo la kawaida. Mvua zilizofuata zilikuwa miongoni mwa kubwa kupata kuonekana katika miongo mingi, na wakati huo huo Australia ilikuwa ikiungua kwa moto wa misitu. Mwaka 2023 Dipoli na Elnino vilikuja pamoja, kama vilivyokuwa vimekuja pamoja mwaka 1997. Tarehe 3 Desemba 2023 tope lililoporomoka kutoka Mlima Hanang liliingia mji wa Katesh, jirani na mkoa wetu wa Singida, na watu zaidi ya 80 walipoteza maisha.

Kwa chama cha ushirika cha Itigi, hatari ya mvua kubwa si ya shambani tu. Iko pia njiani. Mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010, mwaka wa Elnino, mafuriko yaliharibu Reli ya Kati kati ya Kilosa na Gulwe, na safari za treni zikasimama kwa miezi kadhaa. Kwa mwenye kutegemea reli kuuza mazao au kupokea mbolea, mvua iliyonyesha Kilosa ni hasara ile ile kama imenyesha juu ya magunia yake.

Barafu ya Kilimanjaro

Baada ya bahari inafuata barafu, na kwanza ni ile iliyo nyumbani. Hans Meyer alipofika kilele cha Kilimanjaro mwaka 1889 alikuta barafu nene iliyozunguka kilele chote. Ramani ya mwaka 1912 ilionyesha eneo la kilomita za mraba 12. Kufikia mwaka 2011 zilikuwa zimesalia pungufu ya 2. Mapema mwaka 2000 Profesa Lonnie Thompson wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, Marekani, alipanda na wenzake na mitambo midogo ya kutoboa, wakachimba nguzo 6 za barafu, ndefu kuliko zote ikiwa na mita kama 50. Wapagazi waliziteremsha mlimani, nazo zikasafirishwa zikiwa zimegandishwa hadi Marekani.

Barafu ya mlimani ni daftari. Kila msimu huacha tabaka lake, na ndani ya tabaka hilo hubaki vumbi na chumvi, na dalili za unyevu wa hewa ya wakati huo. Profesa Thompson aliona kwamba kurasa za chini kabisa zilikuwa na umri wa miaka 11,700 hivi. Humo alikuta tabaka la vumbi la yapata miaka 4,000 iliyopita, alama ya ukame mkubwa mno katika sehemu hizi za Afrika. Wako wataalamu wenzake wanaobishana naye juu ya umri huo, wakisema kwamba barafu ya Kilimanjaro huenda imewahi kutoweka na kurudi. Ubishi huo haujafungwa, wala si aibu kwa elimu.

Jambo jingine ambalo lafaa lisemwe waziwazi: matokeo ya kazi ile yalipochapishwa mwaka 2002, ilikadiriwa kwamba barafu yote ingekwisha kati ya 2015 na 2020. Haikwisha. Imepungua sana, imepasuka vipande vipande, na hakuna anayeitazamia kudumu hadi vizazi vingi, lakini miaka iliyotajwa imepita na weupe ungalipo kileleni. Wasomaji wenye shaka hupenda kulitaja jambo hili ili waikatae elimu yote. Hapo wanakosea kama yule mwanachama anayeikataa hesabu nzima ya chama kwa sababu makadirio ya mavuno yalizidi kidogo. Daftari la yaliyokwisha kutokea ni kitu kimoja, na makadirio ya yajayo ni kingine. Mkaguzi yeyote huvitenganisha vitu hivyo kabla hajafungua kalamu.

Iko pia imani kwamba barafu ya Kilimanjaro ndiyo inayonywesha mashamba ya chini. Uchunguzi umeonyesha vingine. Sehemu kubwa ya barafu ile haiyeyuki ikawa maji. Katika hewa kavu na jua kali la kileleni hugeuka mvuke moja kwa moja, kama nguo iliyoanikwa. Mito ya mlimani hupata maji yake karibu yote kutokana na mvua na ukungu unaonaswa na msitu. Vivyo hivyo, kupungua kwa barafu hiyo kulianza na ukavu wa hewa mwishoni mwa karne ya 19, wakati ambapo maziwa ya Afrika Mashariki nayo yalishuka, kabla joto la dunia halijaanza kusaidia kuimaliza. Ukavu ule wenyewe wataalamu wa Chuo Kikuu cha Innsbruck, Austria, wanauhusisha na mabadiliko ya Bahari ya Hindi. Hata kileleni, basi, mtu hujikuta amerudi baharini.

Ncha ya Kusini iko mbali sana nasi, na yatosha kuigusa kwa kifupi. Huko Antaktika barafu ina unene wa zaidi ya kilomita 3 mahali pengi. Wataalamu wa nchi za Ulaya walitangaza nguzo ya barafu iliyorudi nyuma miaka 800,000, na Januari 2025 kundi jingine lilifika mwambani katika kina cha mita 2,800, likiwa na barafu ya zaidi ya miaka milioni 1.2. Thamani ya barafu hiyo ni mapovu madogo ya hewa yaliyomo, ambayo ni hewa halisi ya zama zile, iliyofungiwa kama asali katika sega. Katika miaka yote 800,000, hewa ya ukaa haikuzidi sehemu 300 hivi katika kila sehemu milioni. Leo imepita 420, kwa ajili ya mafuta na makaa ya mawe yanayochomwa na kwa ajili ya misitu inayofyekwa. Zaidi ya tisa ya kumi ya joto lililoongezeka kwa sababu hiyo limemezwa na bahari. Bahari ya Hindi ni miongoni mwa zinazopata joto upesi zaidi, kwa zaidi ya nyuzi 1 tangu katikati ya karne iliyopita.

Maana yake kwa mvua ni hii. Hewa ikizidi joto kwa nyuzi 1 huweza kubeba mvuke zaidi kwa asilimia 7 hivi. Mwaka wa mvua huwa mzito zaidi, na mwaka wa kiangazi hunyonya ardhi kwa nguvu zaidi. Mkulima hapati nyongeza ya asilimia 7 iliyogawanywa sawasawa katika siku za msimu. Hupata gharika siku 2, kisha anga tupu wiki 3.

Pwani wameanza kulipa. Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyoundwa Zanzibar mwaka 1978, imefuatilia kwa miaka mingi kilimo cha mwani ambacho kilianza kibiashara huko mwaka 1989 na ambacho wakulima wake wengi ni akina mama. Aina mbili ndizo zilizolimwa, spinosamu na kotonii. Kotonii ndiyo yenye bei nzuri, nayo ndiyo isiyostahimili maji ya moto. Katika sehemu nyingi ilikufa, na wakulima wakabaki na spinosamu yenye bei ndogo. Dakta Flower Msuya, mtafiti wa mwani aliyefanya kazi katika taasisi hiyo, amewafundisha wakulima kuhamia maji ya kina kirefu ambako joto ni la kadiri. Lakini kina kirefu chataka boti na ujuzi wa kuogelea, vitu ambavyo mama wa Paje aliyezoea kutembea kwa miguu wakati wa maji kupwa hakuwa navyo. Wanaushirika wa bara hawahitaji kuelezwa ni nini maana ya zao la bei nzuri kutoweka likabaki la bei ndogo.

Utabiri na mkopo wa pembejeo

Sasa yarudiwe mambo ya Oktoba. Utabiri husema juu ya wastani, wastani, au chini ya wastani, na wastani huo ni wa miaka 30. Mkoa wa Singida kwa jumla hupata milimita 500 hadi 800 kwa mwaka, kiasi ambacho hakina akiba ya kupoteza. Iwapo utabiri utatoa nafasi, kwa mfano, 45 katika mia kwa mvua za juu ya wastani, 35 kwa za wastani na 20 kwa za chini ya wastani, redio itatangaza mvua za juu ya wastani, nayo haitakuwa imesema uongo. Lakini katika miaka 10 ya namna hiyo, 2 itakuwa ya njaa. Kamati iliyokopa mbegu na mbolea kwa ekari zote kwa kutegemea neno moja la kichwa cha habari imeweka wanachama wake rehani bila kusoma mkataba.

Itigi ina tatizo lake la pekee. Elnino kwa kawaida huzidisha mvua za vuli kaskazini na pwani, na wakati huo huo huleta ukame kusini mwa Afrika, katika Zambia na Zimbabwe. Nyanda za kati za Tanzania zimekaa mlangoni, kati ya vyumba hivyo viwili. Mwaka 2015 Elnino ilikuwa na nguvu sana na watu walitazamia mafuriko kama ya 1997. Dipoli haikuiunga mkono kwa nguvu ile, mvua za Afrika Mashariki hazikufikia za 1997, na kusini mwa Afrika kukawa na ukame mkali. Kwa hiyo bahari huusema vizuri zaidi mwanzo wa msimu wa Itigi, yaani Novemba na Desemba, kuliko mwisho wake. Februari, ambapo mvua huweza kukatika kwa wiki kadhaa mahindi yakiwa yanatoa mbelewele, haionekani katika utabiri wa jumla. Msimu waweza kumalizika ukiwa juu ya wastani katika hesabu, na shamba likawa tupu.

Kwa sababu hiyo chama cha ekari 300 za alizeti, kinachohitaji mbegu kilo 600 hivi kwa kipimo cha kilo 2 kwa ekari, hakikosei kikigawa agizo lake, na kubakiza sehemu ya mkopo kwa mtama au kwa mbegu za muda mfupi hadi utabiri wa Desemba usomwe. Mjumbe wa kamati atasema kwamba mwenye duka hatangoja. Pengine ni kweli, na hapo ndipo Chama Kikuu kinapopaswa kutumika, kwa kuagiza kwa niaba ya vyama vingi kwa pamoja na kudai masharti ya kupokea kwa awamu.

Kuna funzo la jirani ambalo bado lina gharama zake vitabuni. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea. Matrekta yaliletwa kwa mamia, lakini hesabu za mvua za Kongwa zilikuwa chache mno, na hakuna aliyengoja zipatikane. Ukame ulipokuja, na udongo ulipokauka ukawa mgumu kama saruji, karanga zilishindwa hata kung'olewa. Mpango ulivunjwa mwaka 1951, paundi milioni 36 zikiwa zimepotea. Kwa fedha hizo zingalinunuliwa vipimamvua vya kutosha kila kijiji cha Tanganyika, na chenji ingebaki.

Maboya ya baharini huonyesha joto la bahari, bali hayawezi kuonyesha ni kiasi gani kilianguka juu ya shamba la chama jana usiku. Kazi hiyo ni ya katibu. Kipimamvua husimikwa mahali pa wazi, mbali na miti na mapaa, na husomwa kila siku saa 3 asubuhi, kwa saa ile ile, na mtu yule yule au msaidizi aliyefundishwa. Milimita 1 ni zaidi ya lita 4,000 za maji katika kila ekari, kwa hiyo hata kidogo huandikwa. Siku isiyo na mvua huandikwa sufuri. Siku ambayo hakuna aliyesoma huachwa wazi na sababu huandikwa pembeni, kwa kuwa sufuri ya kubuni ni hesabu ya uongo kama risiti ya kubuni. Daftari la mvua liwekwe pamoja na daftari la mikopo, na mwezi Oktoba yote mawili yaletwe mezani. Katika la mvua, ukurasa wa kufunguliwa kwanza ni wa Februari.